Asiye na Dalili Hapimwi

Daktari Aikande alimwacha mganga mkuu wa wilaya aongee mpaka amalize, maana alishamjua: ukimkatiza, anaanza upya. Uso wa bwana yule ulijaa ukuta mzima wa zahanati ya Kilumeni, umenawiri, ndevu zimechongwa na kinyozi wa mjini. Akasema hakuna maambukizi ndani ya jamii. Akasema wagonjwa wote wa kirusi hicho kipya walitoka safarini, wamewekwa karantini na wanatunzwa vizuri. Akasema vifo vya wazee watatu pale Kilumeni vimemsikitisha sana, lakini wazee hufa, na baridi ya mlimani haikuanza leo.

"Nitumie vipimo," alisema Aikande.

"Umpime nani? Kuna mwenye Ngao aliyeonyesha dalili?"

"Hakuna."

"Hao wazee walisafiri?"

"Mzee Lyaro hakutoka nje ya kijiji tangu alipomzika mkewe. Alikufa amekaa, daktari. Kulala alishindwa, pumzi haziingii. Nilimshika mkono mpaka mwisho."

Bwana yule alitoa pole, akasema hiyo ni nimonia ya uzee. Kisha akaongeza, kwa upole mwingi, kwamba amesikia maneno yanayosemwa huko mlimani, na kwamba daktari wa serikali anayezua taharuki hujikuta hana kituo cha kazi. Akamtakia siku njema, na ukuta ukarudi kuwa ukuta.

Aikande alichukua kikombe chake cha chai akakibamiza pale pale ulipokuwa ule uso. Kikombe kilikuwa cha bati, hakikuvunjika, na hilo nalo likamuudhi.

Hasira yake ilikuwa na haki. Kila mtu wa chini ya miaka sitini nchini alikuwa na Ngao, punje ndogo iliyofukiwa chini ya ngozi ya kifundo cha mkono, yenye taa ya kijani inayoonekana nje. Punje hiyo iliongoza vijidude maelfu kwa maelfu ndani ya damu. Homa ikitaka kupanda, koo likitaka kuwasha, vijidude vinatuliza ile fujo kwanza, halafu vinamtafuta adui na kumuua. Kwa magonjwa ya zamani kazi hiyo huisha kabla chai haijapoa. Kwa kirusi kipya, ambacho Ngao haikukifahamu, fujo ilitulizwa na adui akaachwa anastarehe. Kijana anaamka mzima, anapiga mluzi, anabeba mkungu wa ndizi begani, na kooni kwake kirusi kimejaa tele. Wazee hawakuwa na Ngao. Miili yao iliikataa ilipojaribiwa, ikaamuliwa waachwe kama walivyo.

Mwongozo wa upimaji ulisema mwenye Ngao apimwe papo hapo akionyesha dalili. Vizuri. Sasa kazi ya Ngao si ndiyo hiyo ya kuzuia dalili? Na mzee asiye na Ngao, ambaye dalili anazo za kugawia jirani, apimwe kama tu alisafiri, kwa sababu eti mzee kukohoa ni kawaida. Mzee wa Kilumeni atasafiri kwenda wapi? Hebu niambie. Mtu mwenye akili zake alikaa mezani, akaandika hayo, akatia sahihi, akaenda kula.

*

Siku ile ilikuwa ya kuondoa matanga ya Mzee Lyaro, na hilo lilimnyima Aikande raha kuliko yote ya ukutani. Lyaro alikuwa ndiye mkubwa wa ukoo. Baada yake, mkubwa sasa alikuwa Mzee Ndekirwa, baba yake Aikande.

Alimkuta baba yake amekwisha kuvaa koti lake jeusi, amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, anasubiri uji. Aikande aliamkia, akaitikiwa, akavua barakoa yake mlangoni kama kila siku. Mzee hakupenda kuongea na nusu ya uso. Tena Aikande alijihesabu kuwa salama: kazini kutwa amejifunika, na mikono anainawa mpaka inachubuka. Akachota uji kwa kijiko, akauonja kama umepoa, akamlisha kwa hicho hicho, maana mikono ya mzee ilikuwa inatetemeka siku hizi na kijiko kilikuwa kinamtia aibu.

"Baba, leo usinywe ile pombe," alisema.

Mzee alimeza kwanza. "Anayeonja ni nani?"

"Si Aminiel?"

"Sasa unajua unaniambia nini."

Alijua. Kwa watu wa ukoo ule, pombe ya matanga hainywewi hivi hivi. Mbege, pombe ya ndizi, inachotwa kwa kata moja, kibuyu chenye mkono mrefu, na anayeileta mbele ya wazee lazima aonje kwanza. Siyo kulamba, siyo kuigiza. Anakunywa funda zima, watu wanaona koo linashuka, ndipo anamkabidhi mzee mkubwa kata ile ile, na baada yake inapita kwa wazee wote, mdomo hadi mdomo. Desturi ilianza zamani, wakati watu wakitiliana sumu. Kijana ndiye aliyetangulizwa ili mzee asidhurike. Kwa hiyo mwonjaji huwa mtoto wa mzee mwenyewe, na mzee akiikataa kata ambayo mwanawe ameshaionja, amesema mbele ya ukoo mzima kwamba mwanawe anataka kumuua.

"Aminiel anacho kirusi, baba. Alimbeba Mzee Lyaro siku zote za ugonjwa. Alimnywesha maji. Hajijui tu."

"Umempima?"

"Siruhusiwi kumpima."

"Basi hujui." Mzee alifuta mdomo kwa kiganja. "Mama, mimi sijawahi kumkataa mtoto wangu hata mmoja. Sitaanza leo, nimeshavaa koti."

Aikande akamaliza kumlisha. Shingo ilikuwa inamwaka kwa hasira. Alitaka kumpigia baba yake kelele, akashindwa, maana aliyestahili kelele hizo hakuwa mzee.

*

Aminiel alikuwa fundi wa vigari vya waya, vile vinavyoshusha ndizi kutoka mlimani hadi sokoni. Aikande alimkuta chini ya mnara anajipangusa grisi, tayari kwenda matangani. Alikuwa mdogo wake wa pekee, mtu wa utani, na alimsikiliza dada yake huku akitabasamu kama anasimuliwa ndoto.

Ombi lilikuwa dogo. Alikuwa na ufunguo wa matengenezo, kidude kama kalamu ambacho kila daktari wa zahanati hupewa, kinachoweza kuilaza Ngao ya mtu aliye hatua chache mbele yake. Aikubali Ngao yake ilazwe hadi mchana. Kama ni mzima, hakitatokea kitu chochote, na yeye Aikande atanyamaza milele. Kama anacho kirusi, mwili utadai mara moja yote uliyonyimwa kusema.

Aminiel akasema dada yake angekuwa na mume asingekuwa na muda wa kuwatafutia watu magonjwa. Kisha tabasamu likapungua. Akasema mtu ambaye taa yake imezimika haruhusiwi kupanda mnara mpaka akaguliwe wilayani, na wilayani wanakukagua wanapojisikia. Akasema na watu je? Aende matangani taa imezima, ashike kata ya wazee, wamwonaje?

"Basi usionje. Muachie mwingine."

"Nani? Watoto wa baba yangu tuko wawili, na mwanamke haonji." Aliinua mkono, taa ikang'aa kwenye kifundo. "Kijani, dada. Angalia. Nimekataa, na naomba usinirudie na habari hiyo."

Aikande akarudi njiani na ufunguo mfukoni. Siku alipokabidhiwa alikula kiapo kwamba hatagusa mwili wa mtu ambaye hakuridhia. Aliamini kiapo kile. Alishawahi kumfukuza muuguzi aliyemchoma mgonjwa sindano kwa kumdanganya. Na Ngao ikilala juu ya mwili uliokwisha kujaa ugonjwa, hakuna ajuaye homa itapanda kiasi gani. Aminiel alikuwa na watoto. Lakini wazee wa ukoo watakaa mstari mmoja, watapokezana kata moja, na baada ya siku chache atakuwa anawashika mikono mmoja mmoja wakitafuta pumzi, akianza na baba yake. Halafu ukuta utamwambia pole.

Alimlaani mganga mkuu wa wilaya, ila mama aliyemzaa akamsamehe, maana mama wa watu hana kosa. Kipimo kimoja tu kingetosha. Kipimo kidogo kama kijiti cha meno.

*

Uwanja wa marehemu ulijaa. Wazee waliketi mbele, chini ya turubai, makoti yamepigwa pasi. Chungu cha mbege kilikuwa pembeni, na Ndeshi, mkamwana wa marehemu, amesimama nacho na upawa mkononi. Ni yeye aliyeipika. Watu walijua kwamba aliwahi kukwaruzana na baba mkwe wake kuhusu mpaka wa shamba, lakini siku ile hakuna aliyelitaja.

Aminiel akapokea kata iliyojaa, akaanza kutembea kuelekea kwa baba yake. Aikande alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mzee. Alimwona mdogo wake anakuja, mzima, mrefu, kata ameishika kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Akauingiza mkono mfukoni. Akabonyeza.

Taa ikazimika. Mwenyewe hakuona, macho yake yalikuwa kwa mzee. Alisimama mahali pake, akainua kata, akanywa, koo likashuka watu wakiliona. Akapiga magoti amkabidhi baba yake.

Hapo mwili ukadai. Kwanza jasho lilimtoka usoni kama mtu aliyemwagiwa maji. Kisha akatetemeka, meno yakagongana, na kikohozi kikamjia, kikavu, kirefu, kikamkunja mpaka paji la uso likagusa ardhi. Mbege ikamwagika nusu. Aikande alijua kikohozi kile. Alikuwa amekisikia kwa Mzee Lyaro hadi kikaisha.

Alipiga hatua mbele aseme. Hakuwahi. Dada wa marehemu alikuwa amekwisha kusimama, na hakuwa anamtazama Aminiel hata kidogo. Alikuwa anamtazama Ndeshi.

"Umetia nini?" aliuliza.

Hilo Aikande hakuwa amelipigia hesabu. Alifikiria homa, alifikiria kiapo, alifikiria jela. Hakufikiria kwamba kwa watu wake mwonjaji akianguka maana yake ni moja tu, na imekuwa moja tangu enzi za mababu. Wanaume walishaanza kumzunguka Ndeshi. Mmoja alikuwa ameinua gongo. Mambo ya mpaka wa shamba yakafufuka, kila mtu anayo yake, na Ndeshi amekodoa macho, upawa bado mkononi, hata kujitetea hawezi.

"Hajatia kitu," ilisema sauti ya Mzee Ndekirwa. Alikuwa amesimama, amejishikiza kwenye fimbo. "Nipeni hiyo kata."

Gongo likashuka. Kila mtu alijua kwamba mzee mkubwa akinywa, mashtaka yamekwisha. Hakuna wa kumgusa mpishi tena. Mzee alikuwa anamwokoa mkamwana wa watu kwa njia pekee aliyoijua, na mkono wake unaotetemeka ulikuwa unaielekea kata iliyotoka mdomoni mwa Aminiel.

Aikande akaipokonya. Aliinywa yote, mpaka machicha, akaigeuza chini watu waone.

"Mbege ni nzima," alisema. "Sumu ni sisi. Ni sisi vijana, na hizi taa zetu."

Akawaambia yote, hakubakiza. Kwamba Ngao inaficha ugonjwa badala ya kuuondoa. Kwamba Mzee Lyaro na wenzake waliuliwa na mikono iliyowanywesha maji. Kwamba wilaya imekataa kupima. Kwamba yeye ndiye aliyeizima Ngao ya Aminiel, sasa hivi, mbele yao, kwa siri.

Aminiel aliinua uso kutoka chini. Macho yalikuwa mekundu.

"Nilikukatalia," alisema.

"Ulinikatalia."

"Nina watoto, Aikande." Hakuwahi kumwita jina tupu maishani mwake. Akakohoa tena, akageuzia uso pembeni.

 Balozi wa nyumba kumi, bwana mwenye sauti ya mkutanoni, akadakia. Akasema daktari amechanganyikiwa. Akasema kila mtu anajua ukiizima Ngao ya mtu lazima augue, ni kama kumvua mtu nguo kwenye baridi. Hapo hakuna kirusi, kuna dada aliyemdhuru mdogo wake. Watu wakaitikia kwa vichwa. Gongo likarudi kuinuka kidogo.

"Uongo," alisema Aikande. Alikuwa ameshakasirika kiasi cha kutabasamu. "Mtu mzima akizimwa hapati kitu. Mimi ni mzima. Nitazameni."

Akanyoosha mkono wake juu watu wote waione taa, akaielekezea ufunguo, akabonyeza. Kijani kikatoweka. Akasimama katikati ya uwanja mkono ukiwa bado juu, akasubiri, na ukoo mzima ukasubiri naye. Kuku mmoja alikuwa anadonoa mbege iliyomwagika.

Ilianzia shingoni. Aliidhania hasira, maana tangu asubuhi alikuwa na moto mahali hapo. Kisha ikapanda masikioni, ikashuka mgongoni. Koo likamwasha. Alijizuia kwa nguvu zake zote, akaziba mdomo kwa kiwiko, na kikohozi kikatoka hivyo hivyo, kikavu, kirefu.

Alikuwa amewashuku wote isipokuwa mmoja. Akakumbuka kijiko. Siku zote zile, kila asubuhi, ameonja, amelisha, ameonja, amelisha. Akageuka kumtazama baba yake.

Mzee Ndekirwa alikuwa anamtazama yeye. Alikuwa mtu mzee lakini hakuwa mjinga, na alikumbuka uji wake umeonjwa na nani.  Alichukua kiti chake kwa mkono mmoja, fimbo kwa mkono mwingine, akajitenga na mstari wa wazee wenzake, akaenda kukaa peke yake kando ya ua, mbali na kila mtu. Aikande akalia kwa sauti, kwa uchungu na kwa ghadhabu, na hakujali nani anamwona.

Simu yake ya mkononi ikajiwasha yenyewe, kama zinavyofanya simu za serikali. Sauti ya mganga mkuu wa wilaya ikasikika uwanja mzima. Mitambo imeonyesha Ngao mbili zimelala Kilumeni bila kibali. Alitaka maelezo mara moja.

"Nina homa," alisema Aikande. "Nakohoa. Mdogo wangu vile vile. Tuna Ngao wote wawili, na hatujasafiri. Fungua mwongozo wako uniambie unatupima au hutupimi."

 Yule bwana aliposema tena, sauti ilikuwa imepungua makali.

"Ninyi wawili mtapimwa. Gari litakuja leo."

"Na baba yangu? Nimemlisha kwa kijiko changu. Na wazee wote hapa?"

"Wana dalili?"

"Zitakuja."

"Wamesafiri?"

Uwanja mzima ulisikia. Wazee chini ya turubai walisikia. Dada wa marehemu alisikia, yule aliyekuwa akimtazama Ndeshi, akakaa chini taratibu kama aliyevunjwa miguu. Mwenye gongo alilitupa.

Ndeshi ndiye aliyesogea wa kwanza. Aliweka upawa chini, akapandisha mkono wa gauni, taa yake ikaonekana. Sauti ilikuwa inamtetemeka, na haikuwa woga.

"Vipimo vinatolewa kwa wenye dalili, si ndiyo?" alisema. "Basi tuwe nazo wote. Nizime na mimi. Tuone watatuletea vingapi."

Nyuma yake mwanamume mmoja akaanza kukunja mkono wa shati. Halafu msichana. Halafu yule mwenye gongo mwenyewe. Balozi aliwaambia wasithubutu, hakuna aliyegeuka. Wazee walikuwa wanainuka mmoja mmoja bila kuambiwa, kila mmoja na kiti chake, wakiachana nafasi kama alivyofanya mwenzao. Simu ilikuwa inauliza kuna nini, kuna nini huko.

Aikande alikuwa anatetemeka kiasi kwamba alishika ufunguo kwa mikono miwili. Alimtazama Aminiel pale chini, naye akamtazama, na hakukuwa na msamaha machoni mwake.

"Utaugua," Aikande alimwambia Ndeshi. "Sijui utaugua kiasi gani. Sikudanganyi, sijui. Umekubali?"

Ndeshi akasema amekubali, tena kwa sauti ya kumfikia yule wa kwenye simu. Aikande akabonyeza, taa ikazimika, akamgeukia aliyefuata, akamwuliza na yeye.